Kupunguza Uzani Bila Kuufukuza Ugali Mezani

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mtu anayetaka kupunguza uzani ale wanga kiasi gani, protini kiasi gani na mafuta kiasi gani? Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu majibu ya hizo nyingine yanaitegemea.

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi ni mama wa miaka 41, ninauza mitumba katika soko la Kibuye. Nina kilo 92 na urefu wa sentimita 160. Rafiki zangu waliniambia kwamba nikitaka kupungua ni lazima niache wanga wote. Niliacha ugali, wali, chapati, viazi na hata ndizi, nikawa ninakula mayai, nyama ya kukaanga, sukuma wiki na parachichi. Wiki mbili za kwanza nilipungua kilo nne, nikafurahi sana. Baada ya hapo mizani ikakwama, tumbo likafunga, kichwa kikawa kinaniuma kila jioni, na usiku mmoja nikala ugali wote uliobaki kwenye sufuria nikiwa nimesimama jikoni. Sasa kilo tatu zimerudi. Nimekosea wapi, na nile kiasi gani hasa cha kila aina ya chakula? (Mama wa Kibuye, Kisumu)

JIBU: Mama, hukukosa bidii, na usiku ule wa sufuria usiuhesabu kuwa aibu. Mwili ulionyimwa ghafla chakula ulichokizoea tangu utotoni hukidai, na wako ulikidai.

Nianze na mizani. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli kwa umbo linaloitwa glikojeni, na kila gramu moja ya glikojeni hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Mtu akiacha wanga kwa mkupuo, akiba hiyo huisha kwa siku chache na maji yake hutoka kwa njia ya mkojo, kwa hiyo mizani hushuka upesi ilhali mafuta ya mwilini yamepungua kidogo tu. Siku atakayorudia ugali, akiba hujazwa tena na maji hurudi nayo. Basi sehemu kubwa ya zile kilo nne ilikuwa maji, na sehemu kubwa ya kilo tatu zilizorudi ni maji vilevile. Hukunenepa kwa sufuria moja ya ugali. Maumivu ya kichwa huwapata wengi wanaoacha wanga ghafla, kwa kuwa maji yale hutoka pamoja na chumvi, na tumbo hufunga kwa sababu pamoja na wanga uliondoa pia sehemu kubwa ya nyuzinyuzi ulizokuwa ukizipata.

Sasa tuje kwenye nishati yenyewe. Gramu moja ya wanga hutoa takriban kilokalori 4 (kilokalori ni kipimo cha nishati ya chakula), ya protini 4, na ya mafuta 9. Viwango hivyo vilitokana na kazi ya mwanakemia wa Marekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, na ndivyo vinavyotumika hadi leo kwenye vibandiko vya pakiti za vyakula. Mafuta ya mwilini hupungua pale mtu anapokula nishati kidogo kuliko anayoitumia, tena kwa miezi kadhaa, na wala si kwa sababu amekifuta chakula fulani kwenye orodha yake. Ulipoacha ugali ukahamia nyama ya kukaanga na parachichi kila siku, uliondoa nishati mlango wa mbele na huenda ukairudisha kwa mlango wa nyuma, kwa maana mafuta yana nishati zaidi ya maradufu ya wanga kwa uzani uleule.

Je, kuna mgawanyo mmoja unaoishinda migawanyo mingine yote? Swali hili limepimwa kwa uangalifu. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu 811 kwa miaka miwili katika makundi manne, kila kundi likiwa na viwango vyake vya wanga, protini na mafuta. Makundi yote yalipungua kwa kiasi kinachokaribiana, na waliopungua zaidi ni wale waliohudhuria vikao vya ushauri mara kwa mara. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Christopher Gardner, walitoa matokeo ya watu 609 ambao kwa mwaka mzima baadhi yao walipunguza mafuta na wengine wakapunguza wanga. Wa kwanza walipungua kilo 5.3 kwa wastani, wa pili kilo 6, tofauti ambayo kitakwimu si ya kutegemewa, na ndani ya kila kundi walikuwemo waliopungua sana na waliozidi kunenepa. Jambo linalosahaulika utafiti huu unapotajwa ni kwamba makundi yote mawili yaliagizwa yale mboga kwa wingi na yaepuke sukari na unga uliokobolewa.

Kwa hiyo, mama, mgawanyo utakaokufaa ni ule utakaoweza kuishi nao mwaka ujao, ukiwa sokoni, nyumbani na matangani. Miongozo inayotumika sana hutaja wanga asilimia 45 hadi 65 ya nishati yote, mafuta asilimia 20 hadi 35 na protini asilimia 10 hadi 35. Ni mipana kwa makusudi, na mimi siamini kwamba kuna mpishi anayesaidiwa na asilimia akiwa mbele ya jiko. Ninachoshauri ni kupanga sahani kwa utaratibu huu: amua kwanza protini, jaza mboga, kisha ugali uchukue nafasi iliyobaki, na mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko.

Protini inatangulia kwa sababu anayepungua hupoteza misuli pamoja na mafuta, na protini ya kutosha huilinda misuli hiyo. Aidha, hushibisha kuliko virutubishi vingine, na mwili wenyewe hutumia kati ya asilimia 20 na 30 ya nishati yake katika kuisaga na kuitumia. Mtu mzima huhitaji angalau gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzani, lakini kwa anayepunguza uzani kiwango cha gramu 1.2 ndicho bora, na mwenye uzani mkubwa apige hesabu kwa uzani anaoulenga. Ukilenga kilo 75, utahitaji takriban gramu 90 kwa siku.

Gramu 90 hizo zinapatikana kwa vyakula unavyovijua. Chukua siku kama hii: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha kiazi kitamu na kikombe cha maziwa, mchana kikombe cha maharagwe yaliyoiva, sukuma wiki nusu sahani, na ugali uliotokana na gramu 75 za unga, yaani bonge linalokaribia ngumi yako iliyofumbwa, jioni samaki wa kuchemsha mwenye mnofu wa gramu 120 hivi, mboga za kienyeji kwa wingi, na bonge jingine la ugali kama lile la mchana, halafu kikombe cha pili cha maziwa au cha maziwa lala. Ukiongeza vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya kupikia kwa siku nzima, utapata karibu kilokalori 1,800, na karibu nusu yake itatoka kwenye wanga, chini kidogo ya theluthi kwenye mafuta, na sehemu moja kwa tano kwenye protini. Utaona kwamba ugali umo, tena mara mbili.

Usifikiri kwamba protini ni mpaka ununue nyama au samaki mkubwa kama ngege. Unaishi karibu na ziwa, na omena ni neema ambayo wengi wameanza kuidharau pindi mfuko unapotuna. Zaidi ya nusu ya uzani wa omena iliyokauka ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, huleta kalisi pia. Ukienda kununua kwa gorogoro, chagua ile inayong'aa, iliyokauka sawasawa na isiyo na mchanga. Nyumbani ichambue, ioshe kwa maji ya moto mara mbili mpaka mchanga usionekane tena chini ya beseni, ikaushe kwenye sufuria kavu bila mafuta hadi ianze kunukia, ndipo utie kitunguu, nyanya na kijiko kimoja cha mafuta. Mgongo wazi wa mbuta, yaani mifupa inayobaki minofu ikishakatwa, nao unafaa ukichemshwa kwa mchuzi. Ukichovywa kwenye karai la mafuta yanayochemka, kama unavyouzwa mara nyingi, unanunua mafuta na mifupa kwa bei ya samaki.

Hapo kwenye mafuta ndipo ninapoomba utulie zaidi, kwa maana ugali umesemwa vibaya kila mahali huku mafuta yakipita kimya. Itazame sukuma wiki inavyopikwa katika nyumba nyingi: mafuta humiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa mpaka vitunguu vielee, na mboga ikiiva hubaki dimbwi la kijani chini ya sufuria ambalo baadaye humaliziwa kwa matonge ya ugali. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kilokalori 120. Vijiko vinne, ambavyo macho hayavioni, vina 480, na mabonge yote mawili ya ugali niliyoyataja hapo juu yana takriban 540. Tia kijiko ndani ya kabati karibu na chupa, na usimimine tena kwa macho. Chai nayo ihesabiwe: vijiko vidogo vitatu vya sukari katika kila kikombe, kwa vikombe vinne kwa siku, ni karibu gramu 48, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku na, ikiwezekana, ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama vijiko sita.

Tarajia kupungua nusu kilo kwa wiki, wakati mwingine pasipungue kitu. Pima kiuno kwa utepe mara moja kwa mwezi, kwa sababu kiuno hukwambia habari za mafuta ambazo mizani huzichanganya na maji.

SWALI: Mshauri, habari ya kazi. Mimi ni kijana wa miaka 29, karani katika ofisi moja hapa Nakuru, na uzani wangu ni kilo 98. Nimejiunga na jimu na mwalimu wa pale ameniambia nile protini bila kikomo kwa kuwa protini haigeuki kuwa mafuta. Mchana ninakula nyama choma na chipsi kidogo, jioni nyama tena, na ninakunywa unga wa protini unaonigharimu pesa nyingi kila mwezi. Miezi inapita na tumbo halijasogea. (Karani wa Nakuru)

JIBU: Ndugu yangu, mazoezi ya kunyanyua vyuma usiyaache, kwa kuwa ndiyo yanayoiambia misuli ibaki wakati mwili unapunguzwa. Hilo la protini isiyo na kikomo ndilo ninalolipinga. Protini hutoa kilokalori 4 kwa gramu kama wanga, na nishati inayozidi mahitaji ya mwili huishia kuongeza mafuta hata kama ilianza kama nyama. Kwa mtu anayefanya mazoezi kama wewe, gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzani unaoulenga zinatosha. Kupita hapo unaongeza gharama, faida inabaki ileile.

Tena angalia ni nyama gani. Mbavu zenye mafuta zinaweza kuwa na nishati karibu mara mbili ya mnofu mkavu wa uzani uleule, na mafuta yenyewe ni yale yanayopandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Omba mnofu, tena robo, kachumbari iwe nyingi kuliko nyama. Nakuru haina uhaba wa maziwa, ndengu wala maharagwe: kikombe cha ndengu zilizoiva kina karibu gramu 14 za protini pamoja na nyuzinyuzi ambazo nyama haina hata chembe, na kikombe cha maziwa kina gramu 8. Ukivila hivyo pamoja na mayai, unga ule wa kopo huuhitaji, na pesa zake zikununulie matunda na mboga.

Kuhusu chipsi, viazi vya Molo na Mau Narok havina kosa lolote. Gramu 100 za kiazi kilichochemshwa hazifiki kilokalori 90, tena kiazi cha kuchemsha ni miongoni mwa vyakula vinavyoshibisha sana. Kikikatwa vipande vyembamba na kukaangwa, maji hutoka na mafuta huingia, na gramu 100 za chipsi hukaribia kilokalori 300. Hujataja pombe, lakini nyama choma mara nyingi haiji peke yake, kwa hiyo nitaitaja mimi: alkoholi ina kilokalori 7 kwa gramu, na chupa ya bia ya nusu lita hubeba takriban 200. Chupa tatu za Jumamosi ni chakula cha mchana kizima ambacho hakikukushibisha.

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kakamega, nimeolewa, na tunaishi na mama mkwe. Chakula hupikwa katika sufuria moja kwa watu wanane. Mama hupakua mwenyewe, na nikiuacha ugali kwenye sahani huuliza kama chakula chake ni kibaya. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, mapaja ni ya wageni na wavulana, nami hubakiwa na shingo na mchuzi. Ninawezaje kupanga virutubishi katika nyumba ambayo sipakui? Na je, ugali wa wimbi au wa mtama hupunguza uzani kuliko wa mahindi? (Mwalimu, Kakamega)

JIBU: Mwalimu, barua yako nimeirudia mara kadhaa, kwa kuwa umelitaja jambo ambalo vitabu vya lishe hulipita: mgawanyo wa virutubishi katika nyumba nyingi zetu huamuliwa na anayeshika mwiko. Mwanamke anayepewa mchuzi na ugali mwingi hujazwa wanga na mafuta, kisha huambiwa kwamba amenenepa kwa kupenda kula.

Usiseme na mama mezani mbele ya watoto. Mtafute mkiwa wawili, labda mnapochambua mboga, umweleze kwa heshima kwamba daktari au mshauri amekuagiza upungue kwa ajili ya presha na magoti, na kwamba chakula chake unakipenda ndiyo maana unataka uendelee kukila miaka mingi. Mwombe jambo moja tu: akupakulie mboga kwanza hadi nusu ya sahani, na ugali uje mwisho. Mpangilio huo hupunguza ugali bila mtu kuukataa. Mamkwe wengi huelewa jambo la afya likiletwa hivyo, kuliko likiletwa kwa kusukuma sahani pembeni.

Mboga za nyumbani kwenu zinakusaidia sana. Mrenda, saga, kunde na managu zina nishati kidogo, na nyuzinyuzi pamoja na madini ya chuma kwa wingi. Ila kumbuka kwamba mboga iliyotiwa karanga za kusaga au ufuta haihesabiki tena kama mboga tupu. Kijiko kikubwa cha karanga za kusaga kina karibu kilokalori 95. Ni chakula kizuri mno na sikuambii uache. Siku mboga ilipoungwa kwa karanga, isitiwe mafuta mengine juu yake.

Kuhusu kuku, sitakushauri uanzishe vita juu ya firigisi. Chukua protini yako mahali pasipo na ugomvi: yai moja au mawili asubuhi kabla ya kwenda shuleni, maharagwe kwenye mlo wa mchana, maziwa jioni. Mahindi yana upungufu wa asidi amino (mojawapo ya viungo vinavyojenga protini) inayoitwa lisini na maharagwe yana nyingi, nayo maharagwe yana upungufu wa methionini ambayo mahindi yanayo, ndiyo maana githeri na nyoyo hutoa protini iliyo kamili zaidi kuliko mahindi peke yake. Mwenye githeri ya maharagwe mengi na mahindi machache hajapungukiwa kwa kukosa paja la kuku. Hata hivyo, ukipata nafasi ya kuzungumza na mumeo, mwambie kwamba wasichana wa nyumba hiyo nao wana misuli na damu ya kujenga, na wagawiwe mnofu kama kaka zao.

Umeuliza pia katika mstari wa mwisho kama ugali wa wimbi au wa mtama unapunguza uzani kuliko wa mahindi. Una nyuzinyuzi nyingi kuliko unga mweupe uliokobolewa, hivyo hushibisha mapema, lakini nishati kwa gramu ni karibu ileile. Ukubwa wa bonge haubadiliki.

SWALI: Mshauri, salamu. Mimi ni mzee wa miaka 66 kutoka Siaya, nina kisukari cha aina ya pili, ninachoma insulini usiku na kumeza vidonge asubuhi. Mwanangu aliyeko Nairobi ameniambia niache wanga kabisa, nile nyama, mayai na mafuta pekee, na kisukari kitapona. Nianze lini? (Mzee wa Siaya)

JIBU: Mzee wangu, usianze kabla ya kwenda kliniki yako, na tafadhali umwonyeshe mwanao jibu hili. Insulini unayochoma ilipangwa kwa kufuata chakula unachokula sasa, na baadhi ya vidonge, kama glibenclamide, huusukuma mwili utoe insulini hata kama hujala. Ukiondoa wanga ghafla na dawa zibaki zilivyo, sukari inaweza kushuka mno usiku ukiwa umelala. Dalili zake ni jasho jingi, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na akili kuchanganyikiwa. Zikikupata, kunywa mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, kisha ule kitu, na asubuhi uende kliniki.

Mwanao hakubuni jambo hilo kutoka hewani. Kupunguza wanga hushusha sukari ya damu, na mlo wa mafuta mengi na wanga mchache sana umetumika hospitalini tangu miaka ya 1920 kuwatibu watoto wenye kifafa. Lakini hutumiwa chini ya uangalizi, na wewe una jambo jingine la kuuliza kwanza: figo zako zikoje? Kisukari cha miaka mingi huziathiri, na aliyekwisha kuathirika figo hapaswi kujiongezea protini bila daktari kupima damu na mkojo wake.

Kinachoweza kuanza leo bila hatari ni kuacha soda na sukari kwenye chai na uji, ila ile sukari ya dharura ibaki karibu na kitanda. Wanga wako ugawanye sawasawa katika milo mitatu badala ya kurundika ugali wa jioni, na kila mlo wenye wanga uambatane na maharagwe, samaki au mboga ili sukari ipande polepole. Tena usilale njaa kwa nia ya kupungua. Mtu wa umri wako akipungua haraka hupoteza misuli ya miguu, na miguu hiyo ndiyo inayomzuia asianguke.

SWALI: Nina mtoto wa miezi minne anayenyonya. Nimebaki na kilo 12 za ujauzito. Naweza kuacha wanga na mafuta ili nipungue kabla hajafika miezi sita? (Mama wa Vihiga)

JIBU: Hapana, dada, si kwa njia hiyo. Anayenyonyesha mtoto asiyekula kitu kingine huhitaji takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, na sehemu yake mwili wenyewe huitoa kwenye mafuta uliyoweka wakati wa ujauzito. Maana yake ni kwamba ukila mpaka ushibe chakula cha kawaida, ukapunguza soda, mandazi na vyakula vya kukaanga, utapungua taratibu bila kujinyima. Uji uendelee kuunywa, uupike kwa maziwa, sukari iwe kidogo. Samaki ni muhimu kwako hasa, kwa kuwa mafuta yake huingia kwenye maziwa na kumsaidia mtoto katika ukuaji wa ubongo. Kasi ya nusu kilo kwa wiki isipitwe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi huko Njoro. Nasikia mafuta ya parachichi na karanga ni mazuri, hayanenepeshi. Ninakula maparachichi mawili kwa siku na karanga za kukaanga kila jioni nikisoma, na suruali zinanibana. Je, niache? (Mwanafunzi, Njoro)

JIBU: Mazuri ni kweli, kutonenepesha si kweli. Nusu parachichi, yaani gramu 100 hivi za nyama yake, ina takriban kilokalori 160 na karibu gramu 7 za nyuzinyuzi, na mafuta yake mengi ni ya aina inayofaa moyo. Gramu 100 za karanga, ambazo mtu huzimaliza kabla ya ukurasa wa kumi, zina zaidi ya kilokalori 560. Usiache hata kimoja. Parachichi nusu kwa siku, tena likae mahali pa mafuta mengine ya mlo huo na wala lisiwe nyongeza juu yake. Karanga zimimine kiganjani mara moja, ufunge mfuko, uurudishe kabatini ndipo ufungue kitabu.